Mama wa Rubani

Televisheni za zamani zilikuwa na harufu yake zikipata moto: vumbi linaloungua taratibu, plastiki, na kitu kingine kama nywele zilizopitiwa na pasi. Siku tulipomaliza msiba wa mjomba wangu, ndugu waliingia chumbani kwake Lemara kugawana vitu vyake vichache. Cherehani ilishapata mwenyewe. Koti lake la kanisani lilichukuliwa na binamu mmoja kutoka Machame. Ikabaki televisheni yenye kisogo kikubwa, na mtu akasema tuichomeke tuone kama bado inafanya kazi. Haikutoa picha. Ilitoa mlio mwembamba, kisha ile harufu. Wenzangu walirudi nyuma wakiogopa shoti. Mimi nilikaa kwenye kitanda cha marehemu nikaivuta kwa pua mpaka mtu akachomoa waya.

Kwenye maziko sikulia. Mimi si mliaji, na watu wamezoea kunipa kazi ya kuosha vyombo misibani kwa sababu hiyo. Lakini tangu siku ile ya televisheni nimekuwa nikimkumbuka mjomba kila nikikaa, na kuna jambo nililomfanyia nikiwa mtoto ambalo sijawahi kumwambia mtu. Elimu yangu ni ndogo. Nitasema kama nilivyoona, na wenzangu wa umri wangu mtanisaidia pale nilipokosea.

Nilikuja Arusha nikiwa na miaka tisa, miezi michache baada ya mama kufariki. Mama alizikwa Machame, kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu, na nilisimama karibu kabisa na kaburi. Hakuna aliyenificha kitu. Baba alikuwa mgodini Mererani; alikuja akazika, akarudi. Bibi mzaa baba alikuwa hawezi tena kukimbizana na mtoto, basi wakubwa wakakubaliana nikakae mjini kwa Mjomba Anaeli, mdogo wake mama wa mwisho, aliyekuwa bado hajaoa.

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Wakubwa walipenda kuongea juu ya miaka ya foleni za sabuni na sukari, lakini mimi niliukuta mji umejaa vitu. Redio, viatu vya plastiki, biskuti za kutoka Nairobi, na mitumba milima kwa milima. Mitumba ilikuwa imewanyima mafundi kazi ya kushona nguo mpya, kwa hiyo mjomba akageuka kuwa mtu wa kupunguza. Asubuhi lilikuwa linaingia kibarazani koti la mzungu mnene, jioni linatoka likimkaa mwalimu mwembamba kama lilishonwa kwa ajili yake. Alikuwa hapimi kwa futi. Alikutazama mabega, akauma pini, akaanza kukata.

Jumamosi mchana, na Jumapili watu wakishatoka kanisani, alikuwa na kazi nyingine. Kulikuwa na banda la video Daraja Mbili, la mabati na magunia, lenye benchi za mbao na mkeka mbele kwa ajili ya watoto. Mjomba ndiye aliyekuwa mtafsiri. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, ameshika maiki, sauti ya filamu imepunguzwa, na kila kilichosemwa kule ndani alikisema yeye. Wahindi, Wachina, Wamarekani, wote walizungumza kwa sauti ya mjomba wangu. Nilikaa mkekani nikijisikia mtu mkubwa. Nilidhani hakuna lugha duniani asiyoijua.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya rubani wa angani. Jina lake la Kizungu silikumbuki na sidhani kama niliwahi kulijua. Sisi tuliiita Rubani, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kijana mwenye kofia ya kioo anaruka katika chombo chenye mabawa matatu, na watu wa bati wanamfukuza kutoka nyota moja hadi nyingine. Mjomba aliisimulia kama safari ya jirani. Nyota yenye mchanga mwekundu aliiita Longido. Yenye barafu ilikuwa Kibo. Stelingi, yaani rubani mwenyewe, akiishiwa mafuta, mjomba alisema, "Hapa ameambiwa mafuta yako Usa River, lakini askari wa bati wamesimama palepale njiani, wanakagua leseni." Watu walicheka mpaka benchi zikalia.

Kiini cha hadithi hakikuwa cha kuchekesha, hata hivyo. Rubani alikuwa anamtafuta mama yake. Watu wa bati walimchukua mama huyo wakati mwanawe bado ananyonya, wakamfungia nyuma ya lango la buluu lililoko mwisho wa nyota zote. Kila rubani alipotazama dirishani na mwanga wa buluu ukampiga usoni, mjomba alishusha sauti: "Mama, vumilia. Nakuja." Wapagazi wa sokoni, watu wazima wenye viganja kama mbao, walinyamaza kimya.

Mwisho wa mkanda wa tatu lango linaanza kufunguka. Mwanga unamwagika. Halafu picha inachafuka, mistari inapita, na tunajikuta kwenye sherehe. Vijana wenye kanzu nyeupe wamejipanga. Watu wanaimba, midomo inaonekana. Kuna keki, kuna ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa mezani na majani mdomoni, na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani anamlisha keki kijana wa kanzu nyeupe, kisha anamfuta mdomo kwa kidole gumba.

Mtu yeyote aliyekulia huku kwetu ataelewa. Mtu aliyeumiliki mkanda ule kabla haujafika kwetu, huko Moshi, alikuwa amerekodi kipaimara cha mwanawe juu ya mwisho wa filamu. Lakini mjomba hakukatisha. "Amefika!" alipaza sauti kwenye maiki. "Lango limefunguka, watu wa bati wamekimbia! Mama yake huyo, mwenye kitenge. Anamwambia, mwanangu, umekonda, hebu kula." Banda zima lilipiga miluzi. Dakika mbili baadaye mwenye banda alizima deki ya video ili kundi lingine liingie.

Sasa niseme jambo nililoona aibu kulisema kwa miaka mingi. Niliamini. Kipaimara nilishakiona Machame, kanzu zile nilizijua, na hilo halikunizuia kuamini, ndilo lililonisaidia. Shule ya Jumapili tulifundishwa juu ya watu wenye mavazi meupe wanaoimba mbele ya kiti cha enzi. Kwangu ilikuwa sawa kabisa kwamba mwisho wa nyota zote wapo watu wa nguo nyeupe wanaoimba nyimbo tunazozijua, na kwamba kuna ndafu.

Msinielewe vibaya. Sikudhani yule mwenye kitenge ni mama yangu. Mama yangu nilijua yuko wapi, nilimwona akishushwa. Ila nilitaka kumwona mama mmoja aliyepatikana. Nimwone vizuri, kwa muda mrefu, bila mtu kuzima deki.

Hapo ndipo gemu ilipoingia.

Nyumba iliyopakana na banda ilikuwa ya Mama Shufaa, mama wa Kitanga aliyeuza barafu za ubuyu. Mumewe alikuwa akienda Nairobi na kurudi, na safari moja alirudi na mashine ya gemu. Mama Shufaa akaiweka chumba cha mbele kwenye televisheni ndogo, akatundika pazia mlangoni, na wavulana wa Daraja Mbili wakahamia pale. Kaseti zilikuwa nne. Ya mpira, ya magari, ya mtu anayeruka uyoga, na moja ya manjano yenye picha niliyoijua: kofia ya kioo, mabawa matatu, na kwa mbali lango la buluu. Nilipoiona nilisisimka mwili mzima. Bandani unasubiri rubani afike. Huku unampeleka mwenyewe, na ukifika hakuna wa kukuondoa.

Wavulana hawakuwa wamefika popote. Walikuwa wakifa raundi ya nne, kule kwenye barafu. Siku ya kwanza nilipoomba zamu na kushika kidude cha kuchezea, mmoja aliniambia, "We msichana wa Machame, hicho si mchi, kishike taratibu." Nilikufa kabla hajamaliza kucheka.

Bahati yangu ni kwamba darasa letu lilikuwa zamu ya mchana. Asubuhi wavulana wakubwa walikuwa shuleni na chumba kitupu. Nilibisha hodi.

"Shikamoo Mama Shufaa."

"Marahaba Ndeshi mwanangu. Mbona mapema hivi, umefukuzwa?"

"Hapana. Naomba kucheza ile ya manjano."

Alikuwa na mtoto mchanga begani anayelia tangu alfajiri. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Geuka," alisema. Akanifunga yule mtoto mgongoni kwa kanga. "Akilala, cheza mpaka wateja waje. Akilia, nachomoa waya."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Nilicheza nimesimama, nikiyumba kulia na kushoto chombo kinapoyumba, na Shufaa alilala kuliko alivyowahi kulala kwa mama yake. Nikisimama tuli alishtuka. Kwa hiyo sikusimama tuli. Ilikuwa miezi ya baridi, Mlima Meru umejificha kwenye mawingu wiki nzima, na baridi ya sakafu ya saruji ilinipanda miguuni mpaka magotini. Televisheni ikipata moto nilijongea karibu nayo na harufu yake. Nilijua kila kona ya Longido ile ya angani. Nilijua askari wa bati yupi anatokea juu na yupi anatokea chini. Ukifa mara tatu unarudi mwanzo, na umeme ukikatika unarudi mwanzo vilevile, hata kama uko raundi ya tisa. Ulikatika sana. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo cheusi nikingoja, mtoto mgongoni, mpaka kengele ya shule inisute.

"Hivi unakimbilia wapi?" Mama Shufaa aliniuliza siku moja akiwa anafunga barafu kwenye vifuko. "Vidole vimeota sugu kama vya mkulima."

"Nataka kufika langoni."

"Ukifika upate nini?"

"Nimwone mama yake."

Mama Shufaa alifuta mikono kwenye kanga. Akaendelea kufunga mafundo kwenye vifuko vyake.

Nilifika asubuhi moja ya Ijumaa. Raundi ya kumi na mbili, roho ya mwisho, mtoto amelala. Sikuita mtu. Adui wa mwisho alipasuka vipande vipande, kukawa kimya, na chombo changu kikaanza kwenda chenyewe bila mimi kugusa kitu. Lango lilikuwa mbele. Likafunguka katikati, hivi na hivi, mwanga wa buluu ukajaa kioo chote. Chombo kikaingia, kikawa kidogo, kikawa nukta. Kisha yakapanda maandishi meupe ya Kizungu, mstari baada ya mstari, kutoka chini kwenda juu. Nilisubiri yaishe. Yalichukua muda mrefu, na nilifurahi kwamba ni mengi, nikadhani ni majina ya watu walioko kule ndani. Yakaisha. Kioo kikawa cheusi. Halafu mchanga mwekundu ukatokea, na chombo changu kikawa kimesimama raundi ya kwanza, kina roho tatu, kinanisubiri.

"Umemaliza?" Mama Shufaa alikuwa mlangoni. "Ndeshi, umemaliza! Hakuna hata mmoja aliyemaliza, hata baba Shufaa!"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Nilimfungua mtoto, nikampa mama yake, nikaenda shule.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na mwenye banda aliweka Rubani ya tatu. Ningeweza kubaki nyumbani. Nilikwenda nikakaa mkekani mbele kabisa, na niliangalia filamu yote nikiwa nimekunja ngumi. Lango likafunguka. Mistari ikapita. Mjomba akavuta pumzi, akapaza sauti yake ile ya furaha, "Amefika! Mama yake huyo, mwenye..."

"Siyo kweli, mjomba," nilisema. Nilikuwa nimesimama.

Hakunisikia. Nikasema kwa nguvu. "Siyo kweli! Mimi nimefika mwisho. Kwenye gemu. Lango linafunguka na hakuna kitu, kuna maandishi tu, halafu inaanza upya. Hakuna mama!"

Kisha mtu akacheka nyuma.

"Kaa chini wewe mtoto," alisema mpagazi mmoja tuliyemwita Tajiri kwa sababu alikuwa hana kitu. "Unadhani sisi hatujui kipaimara? Huyo mwenye kitenge namjua mpaka kwake. Anauza mitumba Kiboriloni, Moshi."

"Ametuharibia utamu," mwingine alisema.

"Anaeli, endelea bwana. Anamwambia amekonda, halafu?"

Niligeuka nikaziangalia nyuso zao moja moja. Walijua wote. Walikuwa wakijua tangu siku ya kwanza. Katika banda zima mtu aliyedanganyika alikuwa mmoja, naye amesimama mbele.

Mjomba alikuwa bado ameshika maiki. Tulisikia pumzi yake kwenye spika. "Mtoto anasema kweli," alisema hatimaye. Akaweka maiki juu ya deki, akanishika mkono, tukatoka. Nyuma yetu mtu alipandisha sauti ya televisheni, na kwa mara ya kwanza ile sherehe ikasikika yenyewe: kwaya, na mshereheshaji anaita, "Tunamwomba shangazi upande wa baba aje na zawadi yake!"

Tulienda mpaka mtoni. Kulikuwa na wanawake wanafua, na mashuka yameanikwa juu ya vichaka. Mjomba akakaa kwenye jiwe. Nilijua atanichapa, nikawa nachagua mguu wa kusimamia.

"Umeimaliza kweli hiyo gemu?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Raundi kumi na mbili."

"Basi wewe ni fundi." Alichuma jani akalikunja. "Hayo maandishi yalisemaje?"

"Ya Kizungu. Ungekuwepo ungenisomea."

"Nisingekusomea. Sijui Kizungu."

"Unajua, mjomba!"

"Najua gudi moning. Najua kamu hia."

"Na Kichina?"

"Kichina!" Alicheka kidogo, kwa pua. "Ndeshi, mimi niliishia darasa la saba. Kichina nikitoe wapi?"

Nilikaa chini kwenye majani. Maji yalikuwa yanapita na povu la sabuni. "Sasa yule rubani anatafuta nini?"

"Sijui. Labda mafuta. Labda dhahabu. Wale watu huwa wanatafuta dhahabu."

"Kwa nini ulisema anamtafuta mama yake?"

Alilikunjua lile jani, akalikunja tena. "Mkanda wa kwanza uliletwa Jumamosi niliyorudi kutoka Machame, tulipomaliza kumzika dada. Viatu vyangu vilikuwa bado na udongo. Wakawasha. Yule kijana akatazama dirishani. Nikafungua mdomo, ikatoka hivyo."

Nilifikiri nimeelewa. Moyo wangu ulianza kulainika. "Ulinitungia mimi."

"Hapana," mjomba alisema. "Wewe ulikuwa hujaja mjini. Sikukutungia wewe."

Mjomba hakuwa mtu wa kupamba maneno nje ya banda, nami nimemrithi hilo. Lakini jibu lile liliniumiza kuliko fimbo. Nililibeba muda mrefu. Nilidhani ananiambia kwamba hakunifikiria, kwamba mimi ni mzigo ulioletwa baadaye. Haikuniingia akilini kwamba mtu mwingine alikuwa amefiwa. Mama alikuwa wangu, msiba ulikuwa wangu, na wale wote waliosimama makaburini nilidhani wamekuja kunipa pole mimi. Kwamba mama alikuwa dada wa mtu, kwamba kuna mtu aliyemwita dada maisha yake yote na sasa hana wa kumwita, hilo nililijua kwa maneno tu, kama tunavyojua jina la mji wa mbali.

Mwaka huu, kwenye msiba wa mjomba, ndipo shangazi mmoja wa mama na mjomba aliponisimulia huku tunamenya ndizi. Bibi mzaa mama alifariki mjomba akiwa bado ananyonya. Mama yangu alikuwa na miaka kama kumi. Akaacha shule mwaka mzima, akamfunga mjomba mgongoni, akawa anazunguka naye nyumba za watu akiomba maziwa. "Anaeli alipoanza kusema," shangazi aliniambia, "alimwita dada yake mama. Ilibidi tumkataze." Nilimenya ndizi zile zote mpaka zikaisha, na vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

Lakini siku zile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimesema kweli na kweli imeniletea nyumba yenye ukimya. Jumamosi iliyofuata mjomba hakwenda bandani. Alikaa na cherehani yake. Jumamosi ya pili pia. Mwenye banda alimpata kijana wa sekondari kutoka Njiro anayejua Kizungu hasa, cha shule za kulipia. Sikuwahi kumsikia, ila Tajiri alikuja kibarazani kwetu jioni ya Jumamosi hiyo ya pili, akasimama mbele ya cherehani bila hata kusalimia.

"Anaeli, rudi."

"Nina kazi."

"Rudi bwana. Yule kijana anatafsiri kama redio. Unajua anasema rubani anatafuta nini? Jiwe."

Mjomba aliacha kukanyaga.

"Jiwe!" Tajiri alisema. "La kuwashia mashine. Mtu avuke nyota zote zile, apigwe, aishiwe mafuta, kwa ajili ya jiwe? Watu wametoka kabla haijaisha."

"Ndivyo ilivyo, ndugu yangu. Hiyo ndiyo filamu yenyewe."

"Basi ibaki hukohuko kwao."

Mjomba akakata uzi kwa meno. Alinitazama mimi, nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua mchele. "Muulize huyu," alisema. "Yeye ndiye aliyefika mwisho."

Walinitazama wote wawili. Sikuwa nimewahi kuulizwa swali na watu wazima nikaona wanasubiri jibu kweli, mpaka siku ile. Nilijua wanachotaka nikiseme. Nami nilitaka kukisema. Lakini uongo ulikuwa haupandi kooni, haujawahi kupanda, na hii si sifa, ni kama mtu asiyeweza kupiga mluzi. Niliupepeta mchele, nikautua, nikatafuta kitu ambacho kilikuwa kweli.

"Nimemaliza gemu," nilisema. "Kwenye gemu hakuna mama. Lakini filamu mwisho wake sijauona. Pale bandani hakuna aliyeuona. Umefutwa."

Tajiri alinyoosha kidole kwangu kama hakimu. "Umesikia? Umefutwa."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye magunia. Walipomwona mjomba anakaa kwenye kigoda walipiga benchi kwa viganja, na mmoja akauliza kama leseni ya rubani imeshapatikana. Mjomba akaanza. Longido, Kibo, watu wa bati, yote kama zamani, na pale dirishani alishusha sauti na kusema, "Mama, vumilia," na sikukunja ngumi.

Lango likafunguka. Mistari ikapita. Kanzu nyeupe zikatokea, na keki, na ndafu, na mama wa kitenge cha kijani. Mjomba alikuwa na maiki mdomoni. Hakusema kitu. Nilidhani amesahau, nikageuka kumtazama; aliangalia chini, kwenye waya wa maiki, kama anayetafuta mahali ulipokatika. Kwenye kioo yule mama alikuwa anakata keki. Kipande kilikuwa kinaelekea mdomoni mwa kijana na hakuna mtu wa kutuambia ni nini.

"Mama yake huyo," alisema Tajiri kutoka nyuma.

"Mwenye kitenge," mwingine akasema.

"Anamwambia umekonda!"

"Kula, mwanangu!"

"Mwambie akae kwanza, ametoka mbali!"

Wakawa wanapokezana, wapagazi wale, kila mmoja na sentensi yake, benchi kwa benchi, watu wakicheka na kupiga miluzi, wakitafsiri wote kwa pamoja lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mjomba aliweka maiki mapajani na kujifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani anacheka, na mimi nikacheka naye.